Hospitali Iliyoninyima Dawa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msianze kwa kunicheka. Nawajua. Mtu akiwapa kitu cha bure mnanyosha mkono kabla hajamaliza kusema, na mkisikia jambo kwenye simu mnalibeba hivyo hivyo mpaka kwa jirani. Mimi sikulelewa hivyo. Shule niliiacha mapema nikachunge ng'ombe, na yale ambayo sikusoma kitabuni niliyasoma kwa kuangalia watu: huyu anayetoa, anataka nini? Kwa hivyo nikiwaambia kwamba mwaka wa 2007 niliingia kituo cha afya na goti linalouma, nikatoka nikiwa nimeambiwa sukari yangu inapanda, mjue kwamba sikuamini hata neno moja.

Tulikaa Bondeni, kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili, baraza la mji. Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Alitutoa upande wa magharibi nikiwa na mtoto mgongoni, akatuleta Nakuru, na alipokufa aliniacha katika nyumba hiyo ya vyumba viwili. Nilikaa na kijana wangu wa mwisho, mke wake na watoto wao. Chumba kimoja kilikuwa changu na wajukuu wa kike. Hicho chumba mkikumbuke, maana kilinisumbua akili.

Siku hiyo ya goti, sista alinikalisha, akaniambia wameanza kupima sukari kwa watu wa umri wangu, hata kama wamekuja kwa jambo lingine. Akashika kidole changu akakichoma. Nikamwuliza damu yangu inaenda wapi. Akasema haiendi mahali, ni tone tu, limeishia kwenye mashine. Nilimwangalia akitupa pamba kwenye ndoo, na ile ndoo nikaikazia macho mpaka nilipotoka. Mwaka ule ulikuwa wa kampeni. Kila wiki kulikuwa na mtu anapita estate na kitu cha bure, leo fulana, kesho unga, na kila cha bure kilikuwa na mwenyewe nyuma yake. Sasa hiki cha kuchomwa kidole bure, mwenyewe alikuwa nani?

Aliniambia nirudi kesho yake asubuhi bila kula. Nikarudi, kwa sababu goti lilikuwa bado linauma na nilifikiri hiyo ndiyo njia ya kupata dawa ya goti. Akanichoma tena, akaitazama mashine, akavuta kiti karibu.

"Mama, ugonjwa wa sukari bado hujaupata. Lakini sukari yako imeshapita ya mtu mwenye afya. Ukiacha hivi, utaupata. Ukibadilisha maisha sasa, unaweza kuuzuia."

"Basi nipe dawa."

"Kwa sasa hakuna dawa, mama. Punguza sukari kwenye chai, punguza ugali, ongeza mboga. Na utembee kila siku, kutembea kwa haraka, mpaka uhisi unahema."

Ugonjwa wa sukari niliujua vizuri kuliko alivyodhani. Dada yangu mkubwa alikuwa nao. Alianza na kidole cha mguu kuwa na ganzi, akagonga jiwe hakusikia, kidonda kikawa cheusi. Walikata kidole. Baadaye wakakata mguu chini ya goti. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha, na nilimzika hivyo hivyo, mguu mmoja. Na dada yangu alikuwa na tembe, na alikuwa na sindano. Kwa hivyo nilijua ugonjwa huo una dawa. Sista akiniambia hakuna, basi ama ugonjwa sina na wananitisha, ama dawa ipo na inawekewa wale wenye mtu wao ndani.

Lakini kitu kilichonikaa rohoni zaidi ni neno moja alilolisema akiniaga. Alisema, "Na nasikia siku hizi unaamka usiku mara nyingi kwenda choo. Hilo nalo tutaliangalia."

Nasikia. Anasikia kwa nani?

Nilitembea mpaka nyumbani nikilitafuna hilo neno. Nyumba yetu ilikuwa na mtu mzima mmoja tu aliyekuwa akienda pale kituoni kila mwezi kupima mtoto uzito, naye ni mke wa kijana wangu. Nilikaa nikangoja chai.

Chai ya kwetu, kama hamjui, haipikwi vipande vipande. Maji, maziwa, majani na sukari vinaingia sufuria moja, vinachemka pamoja mpaka vinataka kumwagika, na kila mtu anakunywa ile ile. Hakuna kijiko mezani. Na kwa watu wetu, ukimpa mtu chai isiyo na sukari umemwambia asirudi tena kwako, hata kama mdomo wako unacheka. Jioni hiyo mke wa kijana wangu akanipa kikombe, nikaonja. Sukari ilikuwa kidogo sana, ya kusingiziwa tu.

"Hii chai ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ni yetu sote, mama," akajibu, akiangalia jiko.

Nikaiweka chini. Hapo nikaunganisha mambo. Watoto wanakua, vyumba ni viwili, mzee mmoja anachukua nafasi ya watu. Kwanza mtu anasemwa kwamba ni mgonjwa. Halafu ananyimwa sukari, ananyimwa ugali, anaambiwa awe anatoka nje kila siku. Mwisho anaambiwa heri arudi magharibi akapumzike. Nilimwambia kijana wangu kwamba mke wake ananifukuza kwa kijiko. Alicheka mpaka kiti kikalia, akasema, "Mathe, wewe unaweza kushuku hata mvua."

Mngeniuliza wakati huo kama nitafuata maneno ya sista ningesema hapana. Kilichonibadilisha ni mguu wangu mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mlangoni nikijipaka mafuta, nikafika kidole kidogo cha mguu wa kushoto, nikakiminya, nikaona kama naminya kidole cha mtu mwingine. Nikaminya tena kwa ukucha. Kilisikia, lakini kwa mbali. Sista nilikuwa bado sijamwamini. Niliogopa kidole.

Basi nikaanza kutembea. Nawaambia ukweli, kutembea tu si jambo la watu wetu. Watu niliowahi kuona wakitembea bila kwenda mahali walikuwa wale akina mama wa Kihindi wenye maduka, asubuhi na mapema, sari imepandishwa kidogo na viatu vya raba chini, mikono mitupu, wanazunguka na kurudi walikotoka. Tulikuwa tukiwacheka. Mtu wetu akitembea ana gunia kichwani, ana mtoto, ana matanga, ana shamba. Mwanamke mzee anayepita mistari ya nyumba kila alfajiri bila mzigo, anaangalia huku na huku, huyo anatafuta nini?

Na mwaka ule watu walikuwa wakiulizana hivyo kwa kila mtu. Kampeni zilikuwa zimeingia mpaka kwenye foleni ya maji. Mnasalimiana, halafu mwenzako anageuka kuangalia unaingia nyumba gani. Siku ya pili au ya tatu nikaulizwa naenda wapi. Nikasema natembea tu. Kabla ya juma kwisha nikasikia kwamba nyanya wa reli anahesabu milango. Anamhesabia nani, hapo kila mtu alijaza jibu lake.

Nikafikiri, nikapata njia. Nikachukua mtungi wa maji, ule wa plastiki wa manjano, nikawa nautembeza. Mtu mwenye mtungi haulizwi. Anaenda maji, au anatoka maji, au amekuta maji yamepotea. Nilitoka nao mtupu na nikarudi nao mtupu, na hakuna aliyenisemesha tena. Nilijiona mwerevu. Mwezi wote wa Desemba goti lilikuwa likilegea lenyewe, nami sikumwambia mtu, maana ningemwambia angesema sista alikuwa na haki.

Kisha tukapiga kura, matokeo yakasomwa, na mnajua yaliyofuata, watu wakachomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Moshi tuliuona kwanza kwa mbali, upande wa juu. Watu wakaanza kuingia mjini na magodoro. Vijana wa estate wakawa wanakaa mwisho wa mstari wetu, wanalinda, hivyo ndivyo walivyosema, na wengine walikuwa na vitu mkononi ambavyo si vya kulinda.

Asubuhi moja ya Januari nikatoka kama kawaida. Nilikuwa nimekaa ndani siku kadhaa na kidole kilikuwa kimeanza ganzi tena. Nikafika pale walipokuwa wale vijana. Mmoja akasimama.

"Mathe, hiyo mtungi iko na nini?"

"Haina kitu."

"Mtu hubeba mtungi haina kitu akienda wapi?"

"Natembea."

"Kutembea wapi?"

"Sina mahali. Ni mambo ya sukari."

"Sukari gani, mathe, na maduka yote yamefungwa?"

Wenzake hawakucheka. Akauchukua mtungi mkononi mwangu, kwa adabu, akafungua kifuniko, akaweka pua. Akampa wa pili naye akanusa. Hapo ndipo nilipojua wananusa nini. Petroli. Wiki zote hizo nilikuwa nimebeba kitu cha kuniepusha na maneno, na sasa hicho hicho ndicho kilichokuwa kimenisimamisha mbele ya vijana wasiolala. Kwa kabila, mimi sikuwa wa kwao wote, na wao hawakuwa wa kwetu wote. Yule wa pili akasema huyu ndiye alikuwa anahesabu milango.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke. "Huyo ni mama yangu. Mwacheni."

Alikuwa mke wa kijana wangu, na leso kichwani, anahema. Akawaambia natembea kwa sababu ya ugonjwa, naenda mpaka kwenye reli na kurudi, kila siku, na mtungini halijawahi kuingia tone.

"Na wewe umejuaje?" akaulizwa.

"Namfuata."

"Unamfuata kwa nini?"

"Sikujua anaenda wapi."

Yule aliyeshika mtungi akamwangalia, akaniangalia, na ndipo alipocheka, na alipocheka wengine wakalegea. Akanirudishia mtungi. "Basi muwe mnaenda pamoja, mathe. Muache kufuatana kama karao na mwizi."

Tulirudi mpaka tukapita nyumba za kwanza. Kisha nikamwuliza amenifuata tangu lini. Akasema tangu nianze. Nikamwuliza alifikiri naenda wapi.

"Kwa mganga," akasema. "Nilifikiri unaenda kuniletea kitu."

"Nikuletee kitu kwa nini?"

"Kwa sababu ya chai."

Nikasimama. "Na sista aliambiwa na nani kwamba naamka usiku?"

"Mimi, mama. Ulikuwa unatoka mara nyingi, na maji unakunywa kama mtu aliyetoka shamba. Nikakumbuka ulivyotusimulia habari za dada yako. Nilijua nikikuambia mimi utakataa."

Kwa hivyo nilikuwa nimeshuku sawasawa. Walikuwa wamekaa wakanizungumza, yeye na sista, na chai alikuwa ameipunguza kwa makusudi. Kitu nilichokuwa nimekosea ni sababu tu. Sikumwambia asante, mimi si mtu wa hayo. Nilimpa mtungi aubebe.

Mwisho wa mwezi huo mji wenyewe ukashika moto. Sitayaandika hapa, wapo walioyaandika na wapo walioyafanya. Tulifungiwa ndani, amri ya kutotoka ikawekwa, na kituo cha afya kikafungwa. Nikawa nazunguka nyumba yetu wenyewe, nyuma kwenye kamba ya nguo, mbele kwenye mlango, nyuma tena. Jirani mmoja alinichungulia dirishani akasema nimekuwa kama jogoo aliyefungwa mguu. Sukari haikuwepo dukani, maziwa hayakuja. Sote tulikunywa chai ya rangi, strungi chungu, na kula sukuma wiki zilizopandwa pale kando ya ukuta, na ugali ukawa wa kugawana.

Isipokuwa kijana wangu. Yeye ni dereva wa lori la viazi, kazi yake ilikuwa kutoka Mau Narok na mizigo mpaka mjini, na tajiri wake, mwenye lori, alimruhusu kuliegesha mwisho wa mstari wetu. Barabara zilipofungwa lilisimama pale na yeye akakaa kitini. Viazi vya safari ya mwisho vilikuwa bado ndani ya nyumba, gunia zima, na mke wake alikuwa akimkaangia kila siku, maana mwanamume asiye na kazi anasikitisha, na kwetu mwanamume ndiye anayepakuliwa kwanza, tena rundo. Alikuwa mtu mkubwa. Kila aliyemsalimu alimwambia amepata afya, naye alijipiga tumbo akakubali.

Mambo yalipotulia kidogo na kituo kikafunguliwa, nilitaka kwenda, na kijana wangu akasema siendi peke yangu. Tulikwenda sisi wawili. Sista yule hakuwepo. Nikauliza mara moja tu, nikaambiwa alihama. Sikuendelea, kwa sababu wakati ule kumwulizia mtu alikokwenda ilikuwa kama kuuliza ametoka wapi. Mahali pake palikuwa na mwanamume kijana wa koti jeupe, tukamwita daktari.

Akanichoma. Nilikuwa nimekwenda bila kula, hilo nilikuwa nimeshalijua. Akaangalia mashine, akasema sukari yangu imeshuka, imerudi karibu na ya mtu asiye na tatizo, na niendelee vile vile.

Mngefikiri nilifurahi. Nilimwuliza kama mashine ni ile ile ya sista. Akasema hajui. Nikamwambia imekaa imefungiwa mwezi mzima, panya wamepita, moshi umeingia, na mimi nimeshinda na njaa. Sasa inaniambia niko sawa. Inaniambia mimi au inaiambia njaa? Akasema mashine ni nzima. Nikamwambia tutajua. Nikamwonyesha kijana wangu aliyekaa kwenye benchi ameegemea ukuta.

"Huyu ni mzima, kila mtu anamwona. Hajala tangu jana, tuliamka tukaja. Mchome. Ikisema ni mzima, nitaiamini."

Kijana wangu alicheka, akatoa mkono kama mtu anayempa mtoto peremende. Daktari akamchoma. Akaangalia. Akamchoma kidole kingine, akaangalia tena. Kisha akamwuliza anafanya kazi gani, anakula nini, baba yake alikufa na nini, na kwao kuna mtu wa sukari. Kicheko kikaisha polepole. Sukari yake ilikuwa imepita ile niliyokuwa nayo mimi siku ya kwanza. Daktari alisema bado hajafika kwenye ugonjwa wenyewe, lakini amekaribia sana, na tumbo lile ambalo watu wanalisifu ndilo linalomsukuma.

"Hii mashine imeharibika," kijana wangu akaniambia. "Si umesema mwenyewe, mathe? Panya."

Alikuwa ameshasimama, anavaa koti. Nami nilikuwa nimekaa pale na maneno yangu mwenyewe mkononi. Kama mashine ni mbovu, basi hata kushuka kwangu ni uongo, na kidole changu kinaendelea kufa taratibu ndani ya kiatu. Kama ni nzima, basi mtoto wangu yuko kwenye barabara aliyopita dada yangu. Mguu wake wa kushoto ndio wa klachi. Kazi yake yote iko kwenye nyayo zake na macho yake. Nilitaka sana mashine iwe mbovu. Nikauminya mguu kupitia kiatu, kile kidole kidogo, na kikauma sawasawa, kama kidole cha mtu aliye hai.

"Kaa chini, baba," nikamwambia.

"Mathe, twende."

"Nimesema kaa. Huyu mtu hajamaliza kukueleza."

Akakaa. Daktari akamweleza yale yale niliyoelezwa mimi, na yeye akauliza lile lile nililouliza: dawa iko wapi. Nikamwona akimkazia macho daktari kama nilivyomkazia sista, na nikajua kabisa anafikiri nini, maana alizaliwa na mimi. Atakubali hapa kwa mdomo, na tukifika nyumbani atamwambia mke wake akaange viazi.

Kwa hivyo sikungoja afike yeye kwanza. Nilitangulia kuingia, yeye nyuma yangu, nikamkuta mke wake na watoto jikoni, nikaongea nikiwa bado nimesimama.

"Sikilizeni, sitarudia. Gunia la viazi litoke leo, wapewe wale waliokimbia makwao wanaolala kanisani. Baba wa watoto hapakuliwi tena rundo. Sahani yake ijae mboga nusu nzima, na mtu asimwongezee akilalamika. Na wewe, baba, lori halitafika tena huku. Lilale sokoni, uje nyumbani kwa miguu kila jioni, na mimi nitakaa hapa mlangoni niangalie kama viatu vyako vina vumbi."